Ruti za Tanga zipangwe kwa kumhesabu abiria aliyeachwa kituoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nichangie mjadala ambao huku kwetu Tanga huibuka kila shule zinapofunguliwa, kisha hupoa bila kufikia popote. Mjadala wenyewe ni wa msongamano wa abiria katika daladala, hasa saa za watu kwenda kazini na kurudi. Hoja inayosikika zaidi, vijiweni na hata katika vikao vya mitaa, ni kwamba magari ni machache, kwa hiyo zitolewe leseni zaidi katika ruti zinazolalamikiwa. Huenda hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini idadi ya magari yenye leseni ya ruti fulani haimwambii mtu aliyesimama kituo cha katikati atapanda saa ngapi, na kwa muda wote ambao mjadala huu umeendeshwa sijasikia mtu akiuliza swali ambalo kwangu mimi ndilo la kwanza: kati ya magari yanayopita mbele ya abiria huyo, ni mangapi anayoweza kuyapanda?

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa shule ya sekondari, hivyo msomaji aniwie radhi nikileta namba katika jambo ambalo wengi wamezoea kulizungumza kwa hasira. Lipo tawi la hisabati linaloshughulika na namna abiria wanavyochagua gari pale penye ruti nyingi na nafasi chache. Mizizi yake iko katika utafiti wa magari binafsi. Mwaka 1952 Mwingereza John Glen Wardrop alieleza kwamba madereva wakiachwa wachague njia wenyewe, hatimaye watajigawa barabarani kiasi kwamba hakuna hata mmoja anayeweza kupunguza muda wake kwa kuhamia njia nyingine peke yake. Hali hiyo huitwa msawazo. Kwa mwenye gari lake kanuni hiyo inatosha kwa sehemu kubwa, maana akishaamua njia huwasha gari akaenda. Abiria wa daladala hayuko hivyo, kwa sababu hajui ni gari lipi litakalotokea kwanza, na likitokea hajui kama litakuwa na nafasi.

Tumchukue abiria aliyesimama Ngamiani saa kumi na moja jioni, akitaka kurudi kwake Kange. Watu wasiopanda daladala, na nina hofu kwamba baadhi yao ndio wanaotupangia mambo ya daladala, hudhani kwamba abiria huyu ana ruti yake moja anayoisubiri. Tumwekee ruti tatu. Kuna magari ya Kange yanayomfikisha karibu na kwake, tuseme kwa dakika 20, nayo hupita manne kwa saa. Kuna magari ya Pongwe yanayomshusha barabara kuu akatembea kidogo, jumla dakika 26, nayo hupita sita kwa saa. Kisha kuna magari ya ruti nyingine yanayozunguka mitaani kwanza na kumlazimu amalizie kwa bajaji, jumla dakika 33, lakini hayo hupita 12 kwa saa. Namba hizi nimezipanga mwenyewe ili hesabu ionekane, sikuzipima barabarani.

Kwa kuwa daladala hazina ratiba na huja zinavyojijia, wastani wa kusubiri hukaribia muda wote ulio kati ya gari na gari, badala ya nusu yake kama ambavyo ingekuwa kwa magari yanayokwenda kwa saa. Basi abiria wetu akiamua kusubiri gari la Kange tu, atasubiri dakika 15 na kusafiri 20, jumla 35. Akishikilia la Pongwe tu, ni 10 na 26, jumla 36. Lakini akipanda lolote kati ya hayo mawili litakalotangulia, kwake magari yamekuwa kumi kwa saa, kusubiri kunashuka hadi dakika 6, wastani wa safari unakuwa dakika 23.6, na jumla yote ni dakika 29.6. Ameokoa zaidi ya dakika tano kwa kutokuwa na ruti moja. Je, aongeze na ile ya tatu, yenye magari mengi kuliko zote? Hapana, kwa sababu safari yake peke yake, bila hata kusubiri, ni dakika 33, ambazo zimeshazidi 29.6. Akiiingiza katika hesabu, wastani wake unapanda hadi dakika 31 na ushei. Kwa hiyo ataliacha gari hilo lipite hata konda amwite kwa jina la mama yake.

Hesabu hii, ambayo kila mwanamke wa Makorora anayekwenda sokoni huifanya kichwani bila kalamu, iliandikwa rasmi na Claude Chriqui na Pierre Robillard mwaka 1975, na mwaka 1989 Heinz Spiess na Michael Florian, wa Chuo Kikuu cha Montreal nchini Kanada, wakaipanua kutoka kituo kimoja hadi mtandao mzima wa mji. Walichokiongeza ni kwamba kitu anachokichagua abiria ni mkakati: seti ya magari anayokubali kuyapanda katika kila kituo, ili alipande lile litakalotangulia. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini mpangaji wa ruti asiyelijua atachora mstari mmoja kutoka Ngamiani hadi Kange, ahesabu abiria wote wa Kange katika magari ya Kange, na ashangae kwa nini ruti ya Pongwe imejaa watu wasiokwenda Pongwe.

Wapo wanaopanga kwa kuamini kwamba kila ruti mpya ni chaguo jipya kwa abiria. Wataalamu wanaochunguza namna watu wanavyochagua usafiri wana mfano wao wa mabasi mekundu na ya bluu. Ikiwa nusu ya watu wanapanda basi na nusu wanapanda gari dogo, kisha nusu ya mabasi yakapakwa rangi ya bluu, modeli, yaani hesabu ya kukisia watu watachagua nini, iliyotengenezwa bila uangalifu itatabiri kwamba sasa theluthi wanapanda basi jekundu, theluthi la bluu, na gari dogo limebaki na theluthi moja tu, kana kwamba rangi imewatoa watu katika magari yao. Nasi tunaotambua daladala kwa mistari ya rangi ubavuni tusisahau kwamba magari ya Kange na ya Pongwe, katika sehemu kubwa ya safari ya abiria wetu, ni barabara ile ile na foleni ile ile.

Hadi hapo nimezungumza kana kwamba kila gari linalopita lina nafasi. Sasa tuyajaze. Tuseme jioni hiyo, kati ya magari manne ya Kange, moja tu ndilo linalofika Ngamiani likiwa na pa kukanyaga, na kati ya sita ya Pongwe ni matatu. Kwenye karatasi ya ofisini bado yanasomeka magari kumi kwa saa. Kwa abiria wetu yamebaki manne. Atasubiri dakika 15, safari yake itakuwa na wastani wa dakika 24.5, na jumla ni 39.5. Ile ruti ya tatu aliyoidharau, ya dakika 33, ambayo magari yake tuseme yanaanzia karibu na hapo na bado yana nafasi, sasa imekuwa nafuu. Akiiingiza anapata magari 16 kwa saa, anasubiri chini ya dakika nne, na jumla inashuka hadi dakika 34.6. Atailipia, kwa sababu bajaji ina nauli yake, na modeli nzuri huibadili fedha hiyo kuwa dakika kwa kadiri ya kipato cha mtu. Lakini wengi wataihama foleni.

Hapo ndipo jambo linapokuwa la mji mzima. Abiria wa Kange walioingia katika magari ya ruti ya tatu wameyajaza, na mkazi wa mtaa ulio mbele ya ruti hiyo, ambaye hajawahi kuwa na shughuli Kange, anaanza kuachwa kituoni. Atalalamika kwamba ruti yake imeharibika. Mwenyekiti wake wa mtaa ataomba magari zaidi kwa ruti hiyo, na huenda akapewa, wakati ugonjwa uko ruti ya Kange na yeye anauguza maumivu yaliyohamia kwake. Malalamiko ya abiria hutuonyesha mahali msongamano ulipotokeza, na mahali ulipoanzia panaweza kuwa pengine kabisa. Kwa hiyo sioni namna ya kuugawa mji katika ruti moja moja na kushughulikia kila moja kwa barua yake.

Waliolishughulikia sana suala hili la magari yaliyojaa ni watafiti wa Chile. Joaquín de Cea na Enrique Fernández walichapisha modeli yao ya msawazo kwa mitandao yenye msongamano mwaka 1993, na mwaka 2001 Roberto Cominetti na José Correa wakaifanyia misingi imara zaidi ya kihisabati. Katika kazi hizo, magari yanayohesabiwa kwa saa ni yale ambayo abiria wa kituo husika anaweza kuyapanda, na idadi hiyo hupungua kadiri watu waliomo garini na wanaosubiri wanavyoongezeka. Gari moja linaweza kuwa gari kamili kwa aliyeko stendi, robo ya gari kwa aliyeko kituo cha tano, na si kitu kwa aliyeko kituo cha kumi.

Na ni Chile hiyo hiyo iliyotuonyesha kwamba hisabati nzuri haimwokoi mpangaji anayeilisha namba ambazo hazipo barabarani. Tarehe 10 Februari 2007 mji mkuu wao, Santiago, ulibadilisha mtandao wote wa mabasi kwa siku moja chini ya mpango ulioitwa Transantiago. Ruti ndefu zilizozoeleka zilikatwa zikawa ruti fupi za kulisha ruti kuu, na ruti kuu zenyewe, na abiria wakatakiwa kubadilisha gari mara nyingi zaidi. Mabasi yaliyokuwa barabarani yalikuwa pungufu kuliko yaliyokusudiwa, njia maalumu za mabasi hazikuwa zimekamilika, vifaa vya kufuatilia magari havikuwa tayari, na mikataba haikuwabana vya kutosha wenye mabasi wajali kama abiria amepanda au ameachwa. Watu walifanya kile ambacho abiria wetu wa Ngamiani angefanya: waliyaacha mabasi wakaingia katika treni ya chini ya ardhi, nayo ikafurika. Rais Michelle Bachelet alilazimika kuwaomba radhi wananchi hadharani. Naitaja habari hiyo kwa sababu kila mara hapa nchini kunapozungumzwa kupanga upya ruti za mji, mchoro huja kwanza na hesabu ya magari yatakayokuwepo kweli asubuhi ya siku ya kwanza huja mwisho.

Pamoja na hayo, modeli za Montreal na Santiago zina dhana moja ambayo kwetu haisimami, na nadhani ndiyo kiini cha shida yetu. Wao hudhani kwamba gari huondoka kituo cha mwanzo kwa ratiba, au walau kwa nafasi fulani ya muda, liwe limejaa au halijajaa. Daladala yetu huondoka ikijaa. Dereva na konda wana hesabu ya tajiri ya kupeleka jioni, kiasi kile kile siku ya mvua na siku ya jua, na mafuta ni juu yao. Kwa hiyo kuondoka stendi na viti vitupu kwa matumaini ya kuokota abiria njiani ni kucheza bahati nasibu na mkate wa watoto. Siwalaumu. Mimi mwenyewe ningekuwa konda ningesubiri ijae.

Lakini tazama matokeo yake kwa abiria wa katikati. Gari likishajaa stendi, nafasi anayoweza kuipata yeye ni ile tu inayoachwa na mtu anayeshuka kabla yake au pale pale alipo. Sasa tuongeze magari mawili ya Kange kwa leseni mpya. Yote mawili yataingia foleni stendi ya mjini, yatasubiri zamu, yatajaa pale pale na kupita Ngamiani mlango ukiwa umefungwa. Abiria wa stendi watapungua upesi zaidi, na hilo ni jema kwao. Ila watakapokwisha, gari linalofuata halitaondoka na viti vitupu kwenda kumchukua aliyeko njiani. Litakaa likipigiwa debe mpaka lijae, na muda kati ya gari na gari utarefuka tena. Leseni ya tatu na ya nne zitakachoongeza ni urefu wa foleni ya magari pale stendi na ukali wa wapiga debe. Hesabu ya tajiri nayo, ikigawanywa kwa trip chache zaidi kwa siku, itamsukuma dereva kukatisha ruti, kugeuza kabla ya mwisho na kuwashusha watu wa mbali, kosa ambalo abiria wa Pongwe analijua kuliko mimi. Hivyo inawezekana kabisa ruti ikawa na magari mengi kupita kiasi na abiria wanaoachwa kupita kiasi, kwa wakati mmoja, na pande zote mbili za mabishano haya zikawa zinasema kweli.

Abiria wenyewe wameshaligundua hili zamani na wamebuni dawa yao. Aliyeko katikati hupanda gari linalokwenda upande asikotaka, hufika nalo mwisho wa ruti, hubaki kitini, kisha hugeuza nalo. Wengine huona ni ujanja wa mtu asiye na kazi, ilhali ni uchaguzi wa njia wenye mantiki kamili: analipa kwa muda, na pengine kwa nauli ya ziada, ili anunue uhakika wa kiti. Jambo hilo halipo kwetu tu. Huko Singapore, watafiti waliochunguza kumbukumbu za kadi za nauli za treni waliwabaini abiria wanaorudi kwanza kituo cha mwanzo ili wapate pa kukaa, na wakaitumia tabia hiyo kukadiria ni kwa kiasi gani mtu huchukia kusimama. Kwetu kugeuza kuna madhara mengine: kila anayegeuza amekikalia kiti ambacho aliyeko stendi angekikalia, na gari linafika stendi likiwa limeshajaa nusu. Wakati huo mtu anayezihesabu tiketi, kama zingekuwepo, angeona abiria wengi kuelekea mjini saa kumi na moja jioni na kudhani kwamba watu wa Tanga wameanza kufanya kazi usiku.

Ipo tofauti nyingine ambayo modeli za wenzetu hazikuihitaji. Gari lile lile, lenye nafasi zile zile, halipandiki sawa kwa watu wote. Mwanafunzi mwenye sare hulipa nauli pungufu, kwa hiyo konda mwenye haraka ya kutimiza hesabu humwona wa mwisho. Gari husimama mita chache mbele ya kundi la wanafunzi, watu wazima wakapanda, mlango ukafungwa. Mama anayetoka soko la samaki la Deep Sea na ndoo yake ataambiwa gari halibebi samaki, kisha gari hilo hilo litabeba gunia la mtu mwingine. Mzee anayetoka kliniki katika hospitali ya Bombo hawezi kukimbilia mlango. Ukitaka modeli inayofanana na mji huu, lazima umgawe abiria katika aina hizo na uhesabu kwa kila aina magari yake yanayopandika. Nina hakika kwamba ukifanya hivyo utaona kituo kimoja, saa moja, ambapo mtu mzima mwenye mikono mitupu ana magari manane na mwanafunzi wa kidato cha pili ana mawili. Shule nazo huwaadhibu wanafunzi kwa kuchelewa, jambo ambalo sisi walimu tungelitazama upya kama tungekuwa na hesabu hiyo mkononi.

Hesabu yenyewe si ngumu kuipata, na hapa ndipo ninapotaka kuzielekezea maneno yangu Halmashauri ya Jiji na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ambayo ndiyo inayotoa leseni za ruti. Mtu mmoja akae kituoni na daftari. Aandike kila gari linalopita, ruti yake, kama limesimama au halikusimama, wangapi wameshuka, wangapi wamepanda, na wangapi waliotaka kupanda wamebaki chini, wanafunzi katika safu yao. Safu hiyo ya waliobaki ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo isiyoweza kupatikana kwa njia nyingine. Hata miji iliyokwisha kuwa na malipo ya kadi hupata taarifa za aliyepanda. Aliyekata tamaa akaita bodaboda, au akatembea kwa miguu kutoka Chumbageni, hakugusa mashine yoyote. Wenzetu wa Dar es Salaam, ambao mabasi yaendayo haraka yalianza kwao Mei 2016 katika awamu ya kwanza yenye urefu wa kilomita 21, wanajua jinsi foleni ya kuingia kituoni inavyoweza kuwa ndefu kuliko safari yenyewe, na muda huo wa foleni hauonekani katika tiketi.

Wapo watakaosema kwamba kuwauliza na kuwahesabu watu ni kupoteza muda, kwa kuwa wataalamu wanaweza kukadiria. Makadirio ya namna hiyo yana historia. Kabla treni za BART hazijaanza kazi katika eneo la San Francisco, Marekani, mwaka 1972, makadirio rasmi yalikuwa kwamba zingechukua asilimia 15 ya wasafiri. Mwanauchumi Daniel McFadden, aliyejenga modeli yake kutokana na machaguo halisi ya watu mmoja mmoja, alipata asilimia 6.3. Ilipopimwa baadaye ikawa 6.2. Yeye alipewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2000 kwa kazi hiyo ya kuchunguza namna watu wanavyochagua, na waliokadiria asilimia 15 sijui walipewa nini.

Matokeo ya daftari hizo yakishapatikana, ninaamini yataelekeza kwenye hatua ambazo hazihitaji gari jipya hata moja. Saa za msongamano, sehemu ya magari yenye leseni ya Kange na Pongwe iruhusiwe, na kwa kweli ipangiwe, kuanzia safari kituo cha katikati yakiwa matupu, badala ya yote kujazana stendi moja. Saa hizo hizo gari likishika zamu stendi liondoke dakika zake zikitimia, hata kama viti vitatu vimebaki. Najua hilo linagusa hesabu ya tajiri moja kwa moja, na kwamba agizo lisilozungumzwa na wenye magari na vyama vya madereva litavunjwa kabla ya Ijumaa, kwa hiyo nashauri lianze katika ruti moja, na wenye magari waonyeshwe kwa namba abiria walioko njiani ambao sasa wanawapoteza kwa bodaboda. Pia magari mawili ya ruti moja yasiachwe yafuatane. Magari sita kwa saa yakija kila baada ya dakika 10 humfanya abiria asubiri wastani wa dakika tano. Yakija mawili mawili kila baada ya dakika 20 atasubiri kumi, na la mbele litakuwa limejaa wakati la nyuma linapepea.

Zoezi la kuhesabu lingefaa lifanyike wiki ya pili baada ya shule kufunguliwa Januari, mji ukiwa katika hali yake ya kawaida, asubuhi na jioni, siku za kazi na Jumamosi, katika vituo vya katikati vya ruti zote zinazopita barabara ya kuelekea Pongwe na si ruti moja inayolalamikiwa. Wanafunzi wa kidato cha tano wanaosoma hisabati wanaweza kuifanya kazi hiyo chini ya walimu wao, na mimi niko tayari kuwaandaa wa shuleni kwangu. Ninachoomba kwa Jiji na LATRA ni vitu viwili: barua ya ruhusa ya kukaa vituoni bila kusumbuliwa, na ahadi kwamba jedwali la waliobaki chini litabandikwa ubao wa matangazo wa kila kata kabla ya leseni yoyote mpya kutolewa katika ruti hizo. Jedwali hilo likionyesha kwamba hata magari yakigawanywa vizuri bado hayatoshi, leseni ziongezwe, nami nitaandika tena kuunga mkono.

Mwalimu wa Hisabati,
Makorora, Tanga.